Kujitolea nje ya nchi kama afisa wa fildi wa shirika la kihandisi: anzia kwenye bomba la kijijini kwenu

Vijana wengi mnaomaliza chuo kikuu pale MUST Iyunga, na nyie mafundi wa VETA, na waliosoma Chuo cha Maji kule Ubungo wakarudi nyumbani Njombe, Makete au Tukuyu, swali lenu linafanana: hivi mtu wa huku nyanda za juu kusini anaweza kwenda kujitolea nje kwenye haya mashirika ya wahandisi, au hayo ni ya wazungu kuja huku tu? Anaweza kabisa. Na kwa miradi ya maji ya mserereko mimi naamini mtu aliyekulia Makete au Kilolo anaanza akiwa mbele, maana ameyaona maji yakitoka mlimani yakashuka mpaka uwanja wa shule bila mashine yoyote, ameona koki ikifa ikakaa miezi bila kutengenezwa, ameona mwenyekiti wa jumuiya akibanwa na wananchi kuhusu hela ya maji. Hicho ndo kitu cha kuweka kwenye maombi yako. Ila lazima kwanza ukijue kwa undani sio kwa kukiona tu, ndo maana nitakaa sana hapa nyumbani kabla hatujavuka mpaka wa Kasumulu.

Kwanza tuelewane kazi yenyewe. Afisa wa fildi sio mhandisi mkuu wa mradi na sio fundi wa kufunga bomba, ingawa kuna siku utafanya yote mawili. Ni mtu anayekaa kijijini au kwenye mji mdogo wa karibu, anapima chanzo, anahesabu kaya, anakaa vikao, anafatilia mafundi, anaandika ripoti ya kila mwezi, na anakuwa kiungo kati ya kamati ya maji, serikali ya pale na shirika. Kama unachopenda ni kuchora tu kwenye kompyuta utateseka sana, bora useme mapema.

Mashirika yenyewe hayafanani. Engineers Without Borders ilianza Canada mwaka 2000, Uingereza 2001 na Marekani 2002, na kila nchi inajitegemea kwa utaratibu wake kwahiyo usiandike barua moja ukaituma kote. Ile ya Canada kwa miaka mingi ilipeleka watu Malawi, Zambia, Ghana na Burkina Faso. RedR ilianzishwa Uingereza 1980 na mhandisi Peter Guthrie, yenyewe iko zaidi kwenye dharura na wakimbizi na inataka watu ambao tayari wana uzoefu. VSO ni ya tangu 1958 na haihusu wahandisi peke yao. Af kuna UN Volunteers, iliundwa 1970, makao makuu yako Bonn Ujerumani, hii inapokea watu wa mataifa yote na kazi za maji na usafi wa mazingira zinatokea humo mara kwa mara, unajisajili mtandaoni bure. Umoja wa Afrika nao una mpango wake wa vijana wa kujitolea wenye umri wa miaka 18 mpaka 35. Mtu akikwambia utume hela ya fomu au "ada ya kukuunganisha" kwa namba ya simu, achana naye hapo hapo hata kama ametumia nembo ya shirika kubwa.

Sasa nyumbani.

Nenda ofisi ya RUWASA ya wilaya yako. Huu wakala ulianza 2019 kwa sheria ya maji namba 5 ya mwaka huo na ndo unaosimamia maji vijijini, chini yake kuna vyombo vya watumia maji ngazi ya jamii ambavyo wengi bado tunaviita jumuiya. Peleka barua, cheti, na utambulisho wa mtendaji wa kijiji chenu, omba kukaa na jumuiya moja kuanzia mwezi wa sita au wa saba mpaka mvua zinapoanza. Nasisitiza kiangazi kwa sababu mvua zetu huku zinaanza kama mwezi wa kumi na moja zinaishia wa nne au wa tano, na mradi wa maji unauona ulivyo kiangazi kikikomaa. Mwezi wa pili kila chemchemi ya Rungwe ni nzuri. Mwezi wa kumi ndo utajua ipi ni chemchemi na ipi ilikuwa maji ya mvua yanayopita tu.

Ukiwa hapo usijifanye injinia. Tembea na fundi wa jumuiya, yule anayebeba spana na sredi tepu kwenye mfuko wa rambo, fuata bomba kuanzia kwenye chanzo mpaka koki ya mwisho kwa miguu. Muulize kila mahali kwa nini hapa pana valvu, kwa nini hapa bomba linapasuka kila mwaka, nani alikata hapa. Utajifunza kwamba kwenye kilele bomba linashika hewa na maji yanagoma, inabidi pawe na valvu ya kutolea hewa, na bondeni panajaa mchanga, inabidi pawe na sehemu ya kufungulia tope litoke. Utajua kwamba bomba la plastiki lililofukiwa juu juu linachimbuliwa na jembe na likiachwa wazi linaungua watu wakichoma mashamba, kwahiyo mtaro wa mita moja sio ubishi wa mhandisi. Utakutana pia na suala la vinyungu. Wenyeji wa Iringa na Njombe mnajua, lile bonde lenye unyevu ndo chakula cha kiangazi cha familia, af ndo hapo hapo chanzo kilipo. Sheria ya mazingira ya 2004 inasema mita 60 kutoka kwenye chanzo pasifanyike shughuli, na mikaratusi iliyopandwa juu ya chemchemi inakunywa maji kweli kweli wakati mivengi, miti yetu ya asili, inayatunza. Lakini kumwambia mama mwenye watoto watano aache kinyungu chake ni mazungumzo sio tangazo, na kama umeshawahi kukaa kwenye mazungumzo ya namna hiyo mpaka yakaisha kwa makubaliano, umeshafanya nusu ya kazi ya afisa wa fildi popote pale duniani.

Kitu kingine, omba kuona madaftari. Daftari la mapato na matumizi la jumuiya linaongea kuliko mkutano. Angalia mwezi gani makusanyo yameshuka, af uliza ilikuwaje. Mara nyingi utaambiwa maji yalikatika wiki mbili watu wakagoma kulipa, kisha hela ya kununua valvu haikupatikana kwa sababu watu waligoma kulipa, na hivyo hivyo inazunguka. Ukiielewa hiyo duara utakuwa umeelewa kwa nini miradi mingi ya hisani inakufa wakati zege bado ni zima.

Na kwa sababu huku kwetu tumezoea mserereko, jifunze pampu za mkono pia maana nchi nyingi utakazoenda ni tambarare. Shuka Usangu au Pawaga kwenye visima. Afridev ni pampu iliyobuniwa ili kijiji chenyewe kiweze kuitengeneza, inavuta mpaka kina cha mita 45 hivi na karibu yote inafunguka kwa spana moja. Ifungue, itoe fimbo, badilisha sili, irudishe, ukiweza kufanya hivyo ukiwa umezungukwa na watu wenye ndoo basi uko vizuri.

Upande wa bodi, kama una digrii jisajili ERB, yaani Bodi ya Usajili wa Wahandisi, kama mhandisi mhitimu, na mafundi sanifu nao wana daraja lao. Kuna mpango wa SEAP ulioanza 2003 unaowapitisha wahitimu kwenye mafunzo ya vitendo ya miaka mitatu. Kabla hujaondoka waandikie uwaulize kazi utakayoifanya nje itahesabiwa vipi kwenye mafunzo yako na nani awe msimamizi wa kusaini, wakujibu kwa maandishi. Watu wanarudi na uzoefu mzuri ila hauna saini ya mhandisi yeyote aliyesajiliwa, inauma sana.

Maombi

Siku ya kuandika maombi achana na "mimi ni kijana mchapakazi ninayejituma na kufanya kazi chini ya presha". Kila mtu ameandika hivyo. Andika kitu kilichotokea, kwa mfano: "Mwezi Oktoba tulipima chemchemi tatu za kata yetu, moja ilikuwa inatoa lita 0.4 kwa sekunde, nikawaonyesha kamati hesabu na wakakubali isijengwe." Sentensi moja ya hivyo inaeleza kwamba unajua kupima, unajua kuongea na kamati, na unaweza kusema hapana. Taja programu unazoziweza, EPANET kwa mfano, ile ya kukokotoa mtiririko na presha kwenye mabomba, ni ya bure na inatosha kwa mtandao wa kijiji, na usitaje usiyoiweza maana watakupa zoezi.

Kwenye usaili wanapenda kuuliza mambo ya watu kuliko hesabu. Mwananchi amekataa mtaro usipite shambani kwake, utafanya nini? Jibu la "nitamwita mtendaji amlazimishe" linakutoa. Waeleze utakavyomfuata yeye kwanza nyumbani kwake, usikie hofu yake ni nini, pengine ni mahindi yaliyokaribia kukomaa na anachoomba ni mwezi mmoja tu, pengine ni mgogoro wa mpaka na jirani na anaogopa mtaro utakuwa ushahidi, af ndo umpeleke mwenyekiti wa kitongoji mkae wote, na njia nyingine ya bomba uwe nayo mkononi. Kama umetoka huku umeshayaona haya, yaseme kwa jinsi ulivyoyaona.

Na wewe waulize. Usione aibu, shirika zuri linafurahi likiulizwa. Nani aliomba huu mradi, kijiji au mfadhili? Ukiisha unakuwa mali ya nani kisheria? Mradi mliojenga miaka mitano iliyopita bado unatoa maji, na nani amekwenda kuangalia? Hili la mwisho ndo kipimo changu kikubwa. Shirika ambalo halijui hali ya miradi yake ya zamani linakutafuta uende ukajenge mwingine wa kupigia picha, na mimi nisingeenda. Uliza pia posho ya kujikimu ni kiasi gani na inalipwa kwa njia gani, nyumba ni ya nani, nani msimamizi wako wa kihandisi na utampataje kwa simu, nani anaamua ukiugua.

Makaratasi nayapitia haraka maana yanaeleweka. E-pasipoti unaombea mtandaoni Uhamiaji, uwe na namba ya NIDA na cheti cha kuzaliwa, anza mapema. Kadi ya homa ya manjano ukichanjwa mara moja inatosha maisha yote tangu WHO ibadilishe kanuni 2016. Leseni ya pikipiki, daraja A, kata kabla ya kuondoka. Bima iwe na kusafirishwa kwa dharura sio matibabu tu. Kwa Malawi na Zambia sisi tunapita mpakani bila viza kama wageni, Kasumulu au Tunduma, ila kuingia bila viza sio ruhusa ya kufanya kazi hata kama hulipwi mshahara, shirika linatakiwa kukuombea kibali na wewe utembee na nakala yake. Wakikwambia "njoo tu tutamalizana huku", usiende mpaka uone karatasi. Hata wageni wanaokuja kujitolea kwetu wanatakiwa kuwa na kibali cha ukaazi daraja C, ndo utaratibu wa kila mahali.

Ukifika

Hapa mtanzania anatakiwa kujifunza upya. Sisi tumezoea mtendaji wa kijiji, kitabu cha wageni, unasaini, unaeleza dhumuni, unapelekwa kwa mwenyekiti. Machifu kwetu walishaondolewa kwenye utawala mwaka 1963. Ukivuka Songwe au Tunduma tu machifu wapo na wana mamlaka ya kweli juu ya ardhi na watu, Malawi kuna mkuu wa kijiji, juu yake mkuu wa kundi la vijiji, juu yake chifu wa eneo zima, na pembeni kuna mkuu wa wilaya wa serikali na kamati za maendeleo. Usipime hata mita moja kabla hujapelekwa kwa chifu na mtu anayejulikana kwake, ukae unapoonyeshwa, usubiri kuulizwa, usitangulize mradi. Uliza mwenzako wa pale nini kinapelekwa kama heshima, usibuni.

Salamu zijue kabla ya kila kitu. Mtu anayeingia Kilolo akasema kamwene, au Tukuyu akasema ugonile, mnajua nyuso zinavyobadilika, basi na wewe ukifika kwa Wachewa uwe na muli bwanji na zikomo yako, kwa Watumbuka muli uli. Na kama wewe ni wa Ileje au Kyela usijione uko mbali sana, Kindali na Kilambya vinasikika mpaka Chitipa, na Wangonde wa Karonga wanaelewana na Wanyakyusa bila shida.

Tukiwa bado Malawi, kuna jambo kila anayeenda huko kwa kazi ya maji anatakiwa alijue. Miradi ya mserereko ya nchi ile ilianza mwishoni mwa miaka ya 1960, wananchi wakichimba mitaro wenyewe na serikali ikileta bomba na ufundi, af ndo ikaenea. Kwahiyo usiende ukawaeleza habari ya mserereko kama kitu kipya, nenda ukawaulize wazee waliochimba.

Kupima chanzo, hapa tulia

Chukua ndoo ya lita 20 ambayo umehakikisha ni lita 20 kweli, maana nyingine za dukani zinajaa zaidi mpaka ukingoni. Ziba pembeni ya chemchemi kwa udongo wa mfinyanzi na majani ya mgomba ili maji yote yapite kwenye kipande kimoja cha bomba, acha dakika kumi hivi yatulie. Mwenzako ashike ndoo, wewe saa ya simu. Rudia mara tano, toa wastani, andika tarehe na saa, piga picha ya mahali, na muulize mtu mzima wa pale mwaka mbaya kuliko yote anaoukumbuka maji yalifika wapi, atakuonyesha jiwe.

Tuseme ndoo inajaa kwa sekunde 16. Hiyo ni lita 1.25 kwa sekunde, kwa siku nzima lita 108,000. Kijiji kina watu 3,000, na sera yetu ya maji ya 2002 ilisema lita 25 kwa mtu kwa siku, ndani ya mita 400, na kituo kimoja kwa watu 250. Watu 3,000 mara 25 ni lita 75,000, yanatosha na yanabaki, vituo 12, kila mtu anafurahi. Sasa piga hesabu ya miaka 20 mbele kwa ongezeko la asilimia 2.5 kwa mwaka, unapata watu kama 4,900, wanahitaji karibu lita 123,000. Hayatoshi. Hapo ndo kazi yako ilipo, kuwaambia kamati na ofisi yako leo kwamba tutafute chanzo cha pili sasa au tujenge tukijua mwaka fulani yatapungua, na iandikwe kwenye ripoti. Na tenki usilisahau, usiku kucha watu wamelala kwa saa 10 yanaingia lita 45,000, bila tenki la kama lita 50,000 yote hayo yanamwagika af asubuhi foleni. Viwango vya nchi uliyopo viombe ofisi ya maji ya wilaya, usitumie vya kwetu kwa mazoea.

Presha nayo. Kila mita 10 za kushuka ni kama bar moja. Chanzo kiko mita 1,950, kijiji kiko mita 1,800, tofauti mita 150, koki zikifungwa zote usiku bomba la chini linabeba bar 15. Bomba la PN10 linavumilia bar 10, litapasuka, na litapasuka usiku. Ama weka tenki dogo la kuvunja presha katikati ama ununue PN16 kwa sehemu ya chini. Simu inakudanganya sana kwenye mwinuko kwahiyo usiamini GPS ya simu kwa kuamua aina ya bomba, omba vifaa vya upimaji au hata mpira wa maji wa mafundi wa kupimia usawa kwa vipande vifupi.

Kikao

Mkutano wa kijiji wa kwanza watakaoongea ni wanaume wa mbele, na watasema maji ni shida na mradi tunaupokea kwa mikono miwili. Usifunge daftari hapo. Omba kukaa na wanawake peke yao, ikiwezekana na dada wa pale akiongoza, na usiulize "mnahitaji maji?", uliza jana ulichota saa ngapi, ulibeba ndoo ngapi, nani alikuwa foleni mbele yako, ukienda usiku unapita wapi. Hapo ndo utasikia kwamba kuna kisima kizuri kabisa hakitumiki kwa sababu njia yake inapita kilabuni, au koki ya shule inafungwa na mwalimu saa nane mchana. Mara nyingine utagundua kinachotakiwa ni kuhamisha kituo mita mia mbili tu na kukarabati, sio mradi mpya, na ofisini kwenu haitapendeza maana bajeti ni ya mradi mpya. Sema tu.

Kamati ikichaguliwa, mhazini asiwe ndugu wa mwenyekiti, na wanawake wawe kwenye nafasi zinazoshika kitu, hela au spana, sio kwenye "wajumbe" peke yake. Bei ya maji wapange wenyewe ila wewe waandalie hesabu ubaoni: koki moja ni shilingi ngapi, zinakufa ngapi kwa mwaka, fundi analipwa nini, valvu kubwa ikiharibika inagharimu kiasi gani na duka liko mji gani. Waache wabishane mpaka waridhike, hata kama itachukua vikao kadhaa, maana bei iliyopangwa na mgeni hailipwi.

Hela ya kijiji usiishike hata siku moja. Hata wakikuomba uitunze kwa sababu wanakuamini kuliko mhazini wao, kataa kwa upole, wasaidie kufungua akaunti yenye saini zaidi ya moja. Ya shirika unayoishika, risiti kila kitu. Usiahidi kitu ambacho hakiko kwenye bajeti iliyosainiwa, wala usiseme "nitaongea na wazungu" maana kijijini hiyo ni ahadi tayari. Na mahusiano ya kimapenzi na watu unaowahudumia usiyaingie, wewe ndo unaonekana mwenye mradi na mtu anaweza kushindwa kukukatalia. Watoto usiwapige picha bila ruhusa ya wazazi wao.

Mwili wako pia. Sisi wa Makete na Njombe tumekulia kwenye baridi, malaria ni chache, hatuna ule uzoefu wa mwili walionao watu wa Kyela. Ukishushwa kandokando ya ziwa au bondeni malaria inakupiga vibaya kuliko mwenyeji, chandarua kila siku na homa yoyote ukapime siku hiyo hiyo, usijitibu kwa kukisia. Pikipiki ndo hatari kubwa kuliko nyoka na magonjwa yote, vaa helmeti, usitembee usiku, mvua ikinyesha kaa ulipo hata kama kikao kinakusubiri. Upweke nao upo, miezi ya mwanzo hasa jioni, tafuta timu ya mpira, kwaya, msikiti, mama wa mgahawa wa kuongea naye, usikae chumbani na simu.

Kuondoka panga tangu siku ya kwanza. Wachague watu wawili au watatu wa pale, mmoja wao mwanamke, watembee na mafundi tangu mtaro wa kwanza, na miezi ya mwisho wewe usiguse spana kabisa, kitu kikiharibika watengeneze wao ukiwa umekaa pembeni. Waachie mchoro wa mradi jinsi ulivyojengwa kweli sio jinsi ulivyochorwa mwanzo, valvu zote zikiwa zimewekewa alama na umbali kutoka kwenye kitu kisichohama kama kona ya shule, uandikwe kwa lugha yao, nakala moja kwa kamati, moja kwa chifu, moja ofisi ya maji ya wilaya. Andika pia majina ya maduka ya vifaa na bei za siku hiyo. Zuia koki zisifunguliwe kwa sherehe kabla tenki halijasafishwa na kuwekwa klorini na maji hayajapimwa, hata kama mgeni rasmi ameshapangiwa tarehe.

Nyumbani ukirudi, logibuku yako, lile daftari la kumbukumbu za mafunzo, iwe imesainiwa kila ukurasa kabla hujaagana na msimamizi, pamoja na barua inayoeleza kwa majina na vipimo ulichofanya: urefu wa bomba, ukubwa wa tenki, idadi ya vituo, nafasi uliyokuwa nayo. Iombe mwezi mmoja kabla ya kuondoka, wasimamizi wa haya mashirika wanahamishwa sana na akishahamia nchi nyingine kuipata hiyo barua ni kazi.